Mwanangu, usiombe kuhamishwa hicho kijiji

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum baba. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa nashusha sufuria nikaiachia njiani, ya pili nimekaa kitandani peke yangu, ya tatu nikamwita dada yako tukasikiliza wote. Umesema mengi lakini kubwa nililoliona ni moja, kwamba wenzako mliotoka nao kwenda Israeli wamepangwa kule bonde la Arava kwenye hoho na tende, wako kundi zima wanapika ugali pamoja, na wewe na yule kijana wa Malawi ndo mmetupwa (neno lako hilo, mmetupwa) kwenye moshavu, kijiji cha ushirika cha wakulima, ya Wayahudi wa dini karibu na mji wa Netivot, wazee wenyewe asili yao Tunisia, Ijumaa jioni geti linafungwa, hakuna gari, hakuna mziki, na unataka umwandikie mratibu akuhamishe.

Nikaona hili silijibu kwa voisi. Nakuandikia barua, isome taratibu, hata ukiisoma kwa siku mbili sawa tu.

Kwanza nitoe linalonikaa kifuani maana nikiliacha litanisumbua mpaka mwisho wa barua. Unajua siku ulipopanda ndege mimi sikula. Wale vijana wawili wa Kitanzania waliouawa tarehe 7 Oktoba 2023 walikwenda kwa njia hiyohiyo uliyokwenda wewe, kusoma kilimo kwa vitendo, nao walikuwa na mama zao. Kwahiyo uliponiambia karibu na Netivot nilifungua ramani usiku uleule nikapima kwa kidole ni mbali kiasi gani na Gaza. Nimeshajua. Kwahiyo king'ora kikilia usiwe shujaa, usisimame kupiga video, kimbilia kile chumba cha zege walichokuonyesha siku ya kwanza. Na upande wa pili wa ule uzio baba wamekufa watu maelfu kwa maelfu, watoto na wamama, Waislamu wenzetu na binadamu wenzetu, usije ukakaa huko ukaona ni habari za watu wa mbali. Waombee. Hilo halikuzuii kuheshimu mzee aliyekupokea. Moyo wa mtu ni mpana kuliko watu wanavyotaka uwe.

Haya sasa, kijiji.

Huijui vizuri safari yangu ya 1999 kwasababu ulikuwa hujazaliwa na mimi nikirudi nilikuwa naongelea mipira ya maji tu mpaka marehemu baba yako akachoka. Nilikwenda kozi ya wiki sita ya umwagiliaji ya MASHAV, idara ya serikali ya Israeli ya ushirikiano wa maendeleo, Tanzania na Israeli uhusiano ulikuwa umerudi 1995 tu, ulivunjika 1973, sisi tulikuwa kati ya watu wa mwanzomwanzo kwenda tena. Tukakaa Beer Sheva, mji wa jangwani kule kusini. Siku moja mwalimu akauliza nani angependa kwenda kukaa Sabato kwa familia kijijini, wengi wakakataa, walitaka kwenda Tel Aviv kuona bahari. Nikanyoosha mkono mimi na dada mmoja wa Ethiopia. Tukapelekwa Nevatim.

Najua hilo jina umelisikia kwenye habari. Ile Nevatim iliyopigwa makombora ya Iran 2024 mara mbili, Aprili na Oktoba, ni kambi ya ndege za kivita, na kambi imechukua jina la kijiji kilichokuwepo kabla yake. Jina lenyewe maana yake ni machipukizi, yale yanayotoka mbegu ikishaota. Mimi nilichokijua ni kijiji. Nyumba za chini, kuku, vitalu nyumba vya maua, vumbi, na kila baada ya muda ndege inapita juu mpaka vikombe vinatikisika.

Tulifika Ijumaa kama saa saba mchana. Mama wa nyumba alikuwa nyuma, jikoni kwa nje, akatuita kwa sauti twende hukohuko maana hakuweza kunyanyuka. Nikazunguka ukuta na hapo nikasimama. Yule mama amekaa juu ya mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi, baba, kibao cha mti kimechongwa cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno umetokeza mbele, sinia chini, na anakuna nazi vilevile kama bibi yako anavyokuna pale Muheza, anazungusha kifuu kwa kiganja, anaanzia pembeni anamalizia katikati. Jangwani! Nazi yenyewe alinunua sokoni Beer Sheva, imetoka mbali huko, kavu, haina maji. Nilishindwa kusema kitu. Nikamwomba anipishe. Akanitazama, akanyanyuka, nikakaa nikakuna ile ya pili yote na yeye akasimama ameshika kiuno anacheka, akamwita mkwewe aje aone. Tulikuwa hatujapeana hata majina.

Ndo nikajua kwamba Nevatim ni watu wa Kochi. Wayahudi wa Kerala, kusini ya Uhindi, pwani ileile ambayo mashua za kwetu na zao zilikuwa zinapishana kwa upepo wa kaskazi na kusi miaka nenda rudi. Lugha yao Kimalayalam. Wenyewe wanasema wazee wao walifika huko tangu zamani sana, wengine husema tangu hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, wengine wanasema kabla ya hapo. Kitu chenye ushahidi ni mabamba ya shaba, kama ya mwaka 1000 hivi, mfalme wa huko alimpa kiongozi wao Joseph Rabban, ameandikiwa haki 72, na ndani yake kuna haki ya kutembea na mwavuli, ya kuwashiwa taa mchana, ya kupigiwa tarumbeta. Vitu vya wakubwa hivo. Walikuwa watu wa pilipili manga na biashara, wana masinagogi yao, lile la Mattancherry ni la 1568 na lipo mpaka leo, na huko wanaingia miguu mitupu kama sisi msikitini. Ukitoa Wareno waliowasumbua, na vurugu za hapa na pale, majirani zao Wahindu na Waislamu kwa sehemu kubwa waliishi nao vizuri karne na karne.

Kwahiyo nikamuuliza yule mama swali ambalo na wewe unaliuliza kwa namna yako. Mlitoka kwenye mvua, kwenye mito, kwenye minazi, mmekuja hapa kufanya nini?

Maana fikiria baba, Kerala mvua inanyesha kama milimita 3,000 kwa mwaka. Beer Sheva ni kama 200. Dodoma unayoiita jangwa kila ukipita na basi inapata zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Akasema, tuliomba kila siku mara tatu kurudi hapa, sasa mlango ukafunguliwa tungesemaje? Tungesema tumebadili mawazo? Basi. Hakuongeza. Ni jibu fupi lakini mimi nililala nalo.

Na mlango wenyewe haukufunguka kirahisi. Dola ya Israeli imeundwa 1948, wao wakaanza kuuza nyumba zao na kujiandaa, wakazuiwa. Sababu yake utashangaa, matende! Wakubwa wa afya kule waliogopa watu wa Kochi wataleta matende, ugonjwa huohuo ambao sisi watu wa Tanga na pwani yote tumekaa nao, ule uliokuwa unameza dawa zake kila mwaka shuleni. Watu wakakaa miaka na mizigo imefungwa, wengine wameshaacha kazi. Wengi wao wakafika kati ya 1953 na 1955. Yule mama alifika 1954, binti wa miaka 17, kutoka Ernakulam. Aliniambia kitu cha kwanza alichotafuta kwa macho ni mti, mti wowote, na hakuuona, akafikiri hapa ni njiani tu, gari limesimama watu wajisaidie, kumbe ndo wamefika. Mamake akakaa juu ya sanduku mpaka jua likazama. Miaka ile serikali ilikuwa na mpango kabisa wa kuwatoa wageni melini moja kwa moja mpaka kijijini, hawalali mjini hata siku moja, wapo watu wa Moroko na Tunisia waliopakiwa usiku kwenye malori, wakashushwa jangwani gizani, wengine wakagoma kushuka. Hao wazee wako uliowakuta au baba zao wamepita humohumo. Unaposema umetupwa, ukae ukijua unaishi na watu wanaolijua hilo neno kwa mwili, waulize siku moja, usiku wa Ijumaa ndo mzuri kwa kuuliza maana hakuna simu wala redio ya kumkatiza mtu.

Na tena kijiji hakikuwa kipya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1946, baada tu ya kumalizika ile funga yao kubwa ya Yom Kippur, enzi ya Mwingereza bado, zilisimamishwa ngome 11 za Wayahudi kwa mpigo kwenye Negev, lile jangwa la kusini, magari yamebeba mbao na matangi ya maji, asubuhi watu wanaamka wanakuta vijiji. Nevatim kimojawapo. Kikapita kwenye vita ya 1948, wale wa kwanza hawakudumu wakaondoka, pakabaki mahame, ndo wakaletwa hawa wa Kochi. Na nisikufiche, ile ardhi haikuwa tupu hata kabla ya hao wa kwanza. Mabedui, Waarabu wafugaji wa jangwani, walikuwepo. Vita ilipokwisha wengi walikuwa wameshakimbia au wametolewa, waliobaki wakakusanywa eneo moja mashariki ya Beer Sheva chini ya utawala wa kijeshi mpaka 1966, na Nevatim iko ndani ya eneo hilohilo, ukitoka getini unawaona, mabati yao na mbuzi zao, vijiji vingine mpaka leo havina umeme wa serikali wala maji ya bomba. Mimi afisa ugani siwezi kukuandikia habari za bomba la maji nikanyamaza kwamba linapita mbele ya mlango wa mtu bila kumgawia. Hapo nilisikia uchungu na mpaka leo nausikia. Ukipata nafasi nenda Rahat, mji wa Mabedui, si mbali na hapo ulipo, swali Ijumaa na Waislamu wenzio, ule nao. Usije kurudi umejua upande mmoja.

Sasa maji, maana najua hapo ndo utaamka.

Watu hufikiri jangwa linalimwa kwa ujanja wa mkulima peke yake. Kwanza lilikuja bomba. La mto Yarkon lilifika Negev 1955, halafu 1964 likakamilika lile kubwa la kutoka ziwa Galilaya kule kaskazini. Kabla ya hapo ilikuwa ni kupigana na ardhi tu. Alafu ndo umwagiliaji wa matone. Kibutsi (kijiji ambacho watu wanamiliki mali kwa pamoja) cha Hatzerim ni ndugu wa Nevatim, kilisimamishwa usiku uleule wa 1946, na hapo ndo ilipoanzia Netafim, kampuni ya mipira ya matone, 1965 na yule injinia Simcha Blass, aliyeona miaka ya 1930 mti mmoja umewazidi wenzake kimo bila sababu, akachimba akakuta bomba linavuja tone tone chini yake. Leo sehemu kubwa ya maji ya kilimo huko ni maji taka yaliyosafishwa, zaidi ya asilimia 80 ya maji yao machafu yanarudi shambani, hakuna nchi inayowafikia. Ile mipira ya zambarau utakayoiona shambani ndo hayo, usinywe.

Yule mama hakusubiri injinia. Nyuma ya jiko palikuwa na mti wa majani ya mchuzi, yale wanayotia Wahindi, umestawi mpaka juu ya dirisha, kaupanda pale pale panapotokea maji ya kuoshea vyombo. Aliniambia alikuja na mbegu zake, ule ni wa tatu, miwili ya kwanza ilikufa kwa baridi maana jangwa usiku wa Januari linauma, akawa anaufunika gunia kila jioni kama mtoto. Watu wa kilimo wa serikali walikuja kuwafundisha kufuga kuku na kulima, baadae maua, waridi za kuuza Ulaya, watu waliokuwa hawajui kilimo cha namna hiyo kabisa, walikuwa wafanyabiashara na mafundi wale. Wakajifunza. Lakini ule mti hakufundishwa na mtu.

Nikuchoree ile Ijumaa ilivyokwenda maana ndo unayoilalamikia.

Saa tisa mchana nyumba nzima inakimbia. Nazi inakunwa sasa hivi kwasababu Sabato ikiingia huruhusiwi kukuna wala kusaga. Tui linakamuliwa. Tulipika kuku wa tui, na hapo nikajifunza kitu kikanifurahisha, wao hawachanganyi nyama na maziwa, sufuria za nyama mbali, za maziwa mbali, hata dodoki mbali, lakini tui si maziwa ya mnyama kwahiyo mchuzi wao mzito mweupe ni halali tupu. Yule mama akasema Mungu alijua Wayahudi wa Kochi watahitaji nazi. Taa zitakazowaka usiku zinawashwa kabisa, chakula kinawekwa juu ya bamba la umeme kisipoe, mishumaa inawashwa jua halijazama, na jua likizama, kimya.

Sijui nikuelezeje hicho kimya. Hata kuku kama walijua. Mkwewe aliyekuwa anafokea watoto dakika kumi nyuma alikuwa amekaa ameweka mikono mapajani. Wanaume wakaenda sinagogi, sisi tukafuata, wanawake wana upande wao juu kama wanavyotufanyia sisi misikitini. Tulivyorudi, baba wa nyumba akasoma dua juu ya divai, mimi wakaniwekea juisi ya zabibu bila mimi kusema, akakata mkate akachovya kwenye chumvi akatugawia.

Baada ya chakula wakaanza kuimba wanawake. Wayahudi wengi wa dini mwanamke haimbi mbele ya wanaume, lakini hawa wa Kochi wanawake wao ndo wenye nyimbo, za harusi, za sikukuu, za kusifu hata sinagogi lao lilivyojengwa, kwa Kimalayalam chao cha Kiyahudi, na wanaziandika kwenye madaftari wanarithishana mama na binti. Alinionyesha lake mchana, kurasa njano, limeshonwa upya kwa uzi mweusi. Usiku ule hakulifungua, aliimba kwa kichwa. Ndege ya kivita ikapita katikati ya wimbo, akanyamaza, akasubiri iishe, akaendelea palepale kwenye neno alilolikatia.

Asubuhi tukatembea. Kulikuwa na mkomamanga mdogo uani, una matunda manne mekundu mazuri, nikamwona mjukuu anauangalia, nikamuuliza kwanini hachumi. Akanijibu nyanya yake, huo ni wa mwaka wa pili, hatuli mpaka ipite miaka mitatu. Ndo sheria ya Torati, orla wanaiita, mti wowote wa matunda miaka mitatu ya kwanza hauliwi. Mkulima wa jangwani, maji kanunua kwa lita, na anaacha tunda. Na kila mwaka wa saba ardhi inapumzishwa, shmita, iliyopita ilikuwa 2021 mpaka 2022, inayokuja itaanza 2028. Wana njia zao za kisheria, wengine wanamuuzia ardhi kwa muda mtu asiye Myahudi, wengine hawakubali hilo, wanabishana sana, lakini hakuna anayesema haituhusu. Kabla ya kula mavuno wanatenga fungu, hawachanganyi mbegu za aina mbili shamba moja, na mvua zikikaribia wana dua yake maalumu wanayoianza tarehe yake kwenye swala, kama sisi na swala ya kuomba mvua ila wao ni kila mwaka, mawingu yawepo yasiwepo.

Wewe umesoma agronomia miaka minne. Nani alikufundisha mkulima anayefanya hesabu ya namna hiyo? Hao wenzako wa Arava watarudi wanajua hoho, mbolea na masoko, vizuri, nawaombea heri. Wewe utaona mtu anayekamua faida yote kwenye tone la maji siku sita alafu siku ya saba anafunga geti na hasara anaijua. Mimi nimezunguka na wakulima wa Muheza miaka 30 sasa, wa machungwa, wa mihogo, na kila mradi unaokuja unatufundisha kuongeza, ongeza ekari, ongeza pembejeo, mradi ukiisha watu wanarudi palepale. Nikikaa peke yangu nawaza lile Nevatim, watu wasiojua kulima, wamewekwa mahali pabaya kuliko Tanga nzima, mbona hawakuondoka? Wale wa kwanza wenye ujana na siasa waliondoka. Hawa wa mbuzi ya nazi wakabaki. Nimeshafikiri sana na jibu langu ni kwamba walikuja na kitu cha kufanya ambacho hakikutegemea mvua. Mavuno yakifa Jumatano, Ijumaa iko palepale, nazi ikunwe, taa ziwashwe. Mtu mwenye hiyo anaweza kusubiri mti wa majani ya mchuzi ufe mara mbili.

Sasa hayo mambo yako madogo.

Kukamua ng'ombe Jumamosi. Umesema mzee amekuomba wewe uingie na hukuelewa kama anakuonea. Kwa dini yao ng'ombe asipokamuliwa anaumia na kumtesa mnyama ni haramu, kwahiyo wanatafuta njia, mashine zinazojiwasha kwa saa, au mtu asiye Myahudi. Si dharau. Lakini saa za kazi ni saa za kazi, ziandikwe na zilipwe kama mkataba wako unavyosema, muulize Jumapili kwa adabu na umwonyeshe karatasi. Kwenye kozi yetu kulikuwa na wenzetu vibarua kutoka nchi nyingine, waajiri wengine walikuwa wanawakata masaa na wao wananyamaza kwasababu ya aibu. Usinyamaze.

Umeme wa Sabato, usiwawashie wala usiwazimie bila kuulizwa, na wakikwambia kwa mafumbo "humu ndani giza jamani" ujue wanakuomba, hawaruhusiwi kukuagiza wazi. Jikoni kwao usiweke kitu chako kwenye sufuria bila kuuliza ipi. Wewe pikia kwako, nyama yao ukikaribishwa kula, bismillahi yako sema kwa sauti, hawatachukia, mimi nilisema na yule baba wa nyumba akaitikia amina. Swala zako tano usizifiche. Watu wa dini humheshimu mwenye dini, wanachokosa raha nacho ni mtu asiye na pa kusimama.

Nevatim siku ukipata ruhusa nenda, si mbali na Beer Sheva, wana nyumba ya kumbukumbu ya Wayahudi wa Kochi na sinagogi lao. Yule mama nadhani ameshatangulia, alikuwa na miaka 62 wakati ule. Usitafute jina lake. Angalia tu kama kwenye hiyo nyumba wameweka mbuzi ya nazi, na kama ipo nipigie picha ya ulimi wake, nataka kuona meno yake yanaangalia wapi, mimi na bibi yako tunabishana.

La mwisho. Jumamosi jioni zikitoka nyota tatu wanaiaga Sabato. Mshumaa umesukwa kama nywele, kikombe kimejaa mpaka kinamwagika, na kijisanduku kidogo kinapitishwa mkono kwa mkono kila mtu ananusa, ili roho isihuzunike sana siku ikiondoka. Kilipofika kwangu nikanusa nikashindwa kukipitisha. Karafuu. Yule mama akaona machozi akafikiri nimeumwa, nikamwambia hii ni Pemba, kwetu, ng'ambo tu ya bahari, akanifumba mkono nikae nacho.

Kwahiyo huyo kijana wa Korogwe anayekuja mwezi ujao nimempa pakiti, karafuu nzima, kavu, nimezichagua mimi mwenyewe moja moja, zote zina vichwa. Nusu kaa nazo utie kwenye chai, kifua chako nakijua. Nusu mpelekee huyo mzee wa Kitunisia Ijumaa kabla jua halijazama. Usimwambie za nini, atajua.

Mama yako.